Kikao cha Mutie Hakijafungwa

Katika ukoo wa marehemu Wathome, mchonga vinyago, kosa lilikuwa na adabu yake. Mkosaji aliketishwa mbele ya wazee, akaulizwa kama amefanya, naye akakubali. Akikataa, kikao kilichukua kutwa nzima na watu wakarudi makwao na njaa. Akikubali, mzee mmoja alikohoa, chai ikaletwa, na hapo ndipo mambo yenyewe yalipoanza: kwa nini umefanya, nani alikuudhi, na je, si babu yako naye aliwahi kufanya hivyohivyo mwaka wa njaa? Kukubali kulikuwa kama kupiga hodi. Hakuna aliyedhani kwamba mgeni akishapiga hodi, ziara imekwisha.

Ni utaratibu wa busara, na una kasoro moja tu: mahakama za Nairobi hazikuwahi kuarifiwa.

Aliyeigundua kasoro hiyo ni Nthoki, mjane wa Wathome, mwaka wa 1995, akiwa kwenye benchi la nyuma katika chumba cha hakimu, mkoba magotini. Wakati huo alikuwa na nyumba ya kupanga ya baraza la jiji mtaani Jericho, kibanda Kariokor alikoshonea kanda za ngozi kwenye viondo, binti aliyeposwa, Kavinya, na mwana wa miaka kumi na tisa aliyeitwa Mutie. Hakuwa mtu wa kelele. Majirani walimjua kwa mambo mawili: alinyamaza kidogo kabla ya kujibu hata salamu, kana kwamba huenda ina mtego, na akishaamua jambo, lilikuwa limeamuliwa. La kwanza liliwafanya wengi wasilione la pili.

Tangu mwaka uliotangulia, Mutie alikuwa akisikia jina lake likisomwa redioni katika matangazo ya vifo. Alilisikia vizuri, pamoja na majina ya jamaa walioachwa na tarehe ya mazishi, ambayo ilikuwa ikibadilikabadilika. Nthoki aliuza redio yao. Vijana waliokaa kwenye ukuta karibu na soko la Jericho, kuanzia asubuhi kama watu walioajiriwa, walimfariji kwa namna yao.

"Mathe, Mutie hana noma," wakamwambia. "Ni vile tu waya zimegusana huko juu."

Katika maelezo yote ya kitabibu ambayo Nthoki alikuwa amepewa mpaka siku hiyo, hayo ndiyo yaliyokuwa kamili zaidi. Ukoo ulikuwa umeamua kwamba Mutie ana mawazo, na mawazo hutibiwa kwa kutotajwa.

Kisha mchana mmoja, akipeleka Buruburu viatu alivyomshonea mteja, Mutie alipita nyuma ya nyumba ambamo redio ilikuwa ikisoma vifo kwa sauti ya juu. Akang'oa komeo la mlango wa nyuma, akaingia, akaizima. Angeishia hapo, angekuwa na kesi ndogo. Lakini aliona kwamba redio ikiachwa mikononi mwa watu wasioielewa itawashwa tena, kwa hiyo akaichukua. Saa ya mkononi iliyokuwa kando yake hakuigusa. Alikunja waya vizuri, akaurudisha mlango na kuuegemeza jiwe ili mbwa asitoke, akaenda kuketi kituo cha basi cha Jogoo Road, redio imefunikwa kwa koti lake kama mtoto aliyelala. Polisi hawakulazimika kukimbia.

Ndete, kaka mkubwa wa marehemu, ndiye aliyeshika usukani wa mambo. Alikuwa dereva mstaafu wa wizara na mwenyekiti wa ukoo, tawi la Nairobi. Alipenda kuitwa Mwenyekiti, na Nthoki, ambaye hakupungukiwa na kitu kwa kumwita hivyo, alimwita hivyo. Ndete alimtembelea kijana rumande, akamfunza kwa makini.

"Ukiulizwa, kubali. Usibishane na mtu mkubwa. Na ukishasema, usiseme mara mbili. Mtu akikubali, wazee hulainika."

"Na ugonjwa je, Mwenyekiti?" Nthoki alimuuliza walipotoka.

"Ugonjwa gani?" Ndete akatazama huku na huku, ingawa walikuwa wawili tu barabarani. "Wakwe wa Kavinya wako njiani kuleta mbuzi, nawe unataka kutangaza ugonjwa?"

Basi shtaka likasomwa, Mutie akaulizwa kama ni kweli, naye akasema ni kweli, kwa sauti ya mwanafunzi aliyelijua jibu tangu jana. Nthoki akangoja wamuulize kwa nini. Hakimu, aliyekuwa na mafua na msururu mrefu wa kesi, aliuliza tu kama mshtakiwa ana neno kabla ya hukumu.

"Naomba mwenye redio asiiwashe saa ya vifo," Mutie akasema.

Hakimu alimtazama, akaandika kwamba mshtakiwa hajutii na anaidhihaki mahakama, akampa miaka minne. Karani akaita kesi inayofuata. Nthoki alibaki ameketi. Kwa hesabu yake, kikao kilikuwa ndiyo kwanza kinaanza.

Wanawake wa kanisa lake walipendekeza mfungo. Nthoki alifunga, kisha akafungua, akaenda kwa wakili.

Wakili aliitwa Nangila, msichana aliyekuja kila Jumamosi katika ukumbi wa kanisa kuwasikiliza bure watu wenye kesi za nyumba na ndoa. Alimsikiliza Nthoki mpaka mwisho, jambo ambalo kufikia wakati huo lilikuwa limeanza kuonekana kama anasa.

"Mama, kuna ugumu," akasema. "Mtu aliyekubali shtaka, kwa kawaida hawezi kukata rufaa kupinga hatia. Anapinga kifungo tu. Na tuna siku kumi na nne tangu hukumu, ambazo zimeshaanza kwenda."

"Alikubali kwa sababu alifunzwa kukubali."

"Nimekuelewa. Ndiyo maana tutasema mambo mawili. La kwanza, ni kijana, hana kosa lingine, ni mgonjwa, kwa hiyo miaka minne ni mingi mno. La pili, mahakama iliposikia lile jibu la redio, ilipaswa kusimama na kuuliza hali ya akili yake. Tutaomba apimwe na daktari. Lakini yeye mwenyewe lazima atake rufaa na kuitia sahihi."

"Na mimi?"

"Wewe utaapa na kusema waziwazi kwamba ni mgonjwa, tangu lini, na umeona nini. Litakuwa jambo la hadharani. Utaweza?"

Nthoki alinyamaza ule unyamavu wake. "Kusema si kazi," akasema hatimaye. "Kazi ni hao watakaosikia."

Wakili hakumtuma kwa mwenye redio, na pengine angemkataza. Nthoki alikwenda mwenyewe. Teresiah, mpiga chapa katika ofisi moja ya serikali, alifungua mlango wenye komeo jipya.

"Wewe ni nani?"

"Mama yake yule wa redio."

Ilionekana wazi kwamba Teresiah anafikiria kuufunga. Badala yake aliuliza jambo ambalo, kwa dalili zote, lilikuwa likimkera tangu siku ile. "Kwa nini aliweka jiwe mlangoni?"

"Mbwa asitoke."

"Ndivyo nilivyomwambia mzee wangu. Watoto wangu mwenyewe huacha mlango wazi kila siku, mbwa anazurura mpaka Phase Four. Aje mwizi ndiye amkumbuke?" Akatikisa kichwa. "Mimi sikutaka afungwe miaka yote hiyo. Nilitaka redio yangu. Akija mtu kuniuliza, nitamwambia hivyohivyo."

Nthoki akamshukuru, wala hakukaa kunywa chai. Alikuwa na safari ya gerezani, na safari hiyo ndiyo aliyoidhania rahisi.

Mutie alikuwa amekonda, na alikuwa akiinamisha kichwa upande mmoja kama mtu anayesikiliza chumba cha pili. Nthoki alimweleza kuhusu rufaa kupitia wavu wa wageni, askari akisimama karibu.

"Mwaitu, nilishakubali," Mutie akamwambia mama yake.

"Najua."

"Nikisema sasa kwamba si kweli, nitakuwa mwongo. Niliichukua. Baba mkubwa alisema mtu asiseme mara mbili."

"Hawatakuuliza kama uliichukua. Watakuuliza kwa nini."

"Baba mkubwa hakusema hivyo."

Kuhusu hilo hakuyumba. Alikuwa kijana mtiifu, na katika maisha yake yote hakuna aliyewahi kumwambia kwamba utii una hasara. Askari akasema muda umekwisha. Nthoki alitoka akijua kwamba ufunguo wa gereza lile, kwa upande wa ndani, uko mfukoni mwa Ndete.

Ndete alipopita Jericho jioni hiyohiyo, akamkabili.

"Wewe ndiye uliyekifungua kikao, Mwenyekiti. Nenda umwambie hakijafungwa. Mimi hanisikii."

"Nitakwenda. Acha kwanza mbuzi wafike. Mbuzi wakishaingia, hawarudi."

"Rufaa nayo ikishapita hairudi. Mwisho ni Jumanne."

"Na wakwe wanakuja Jumamosi. Unataka Jumamosi waambiwe wanaoa kwa wendawazimu?" Ndete akashusha sauti, akawa mpole, na hapo ndipo alipokuwa hatari zaidi. "Nthoki, miaka minne si kitu. Mimi nilikaa wizarani thelathini."

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameiongoza posa ile tangu mwanzo, na aliamini kwa dhati kwamba anamwokoa mtoto mmoja wakati ambapo wawili hawaokoleki. Kavinya, aliyekuwa akichambua mchele kando, hakuinua kichwa.

"Mama," akasema, "kama mbuzi wao hawamtaki ndugu yangu, wabaki huko kwao Mwingi."

Jumamosi wakwe walifika, wazee watano wakiongozwa na Maingi, ami wa bwana harusi, mtu mwembamba aliyevaa koti la mvua siku ya jua. Mbuzi wa ntheo, wale wa kufungia posa, walifungwa nje, kati ya nyumba na kamba ya nguo, wakitazamwa na watoto wa safu nzima. Mazungumzo yalikwenda vizuri. Katika vikao hivyo mama mzazi hazungumzi, anasemewa. Anachoruhusiwa ni kuleta chai, na kuna kanuni moja ambayo haijaandikwa popote lakini inafuatwa Ukambani kote na nje ya Ukambani: mtu anayemimina chai ya moto hakatizwi, hasa ikiwa anakumiminia wewe.

"Na huyu ndugu wa bibi harusi," Maingi akauliza, "mbona hatumwoni?"

"Yuko Mombasa," Ndete akasema. "Kikazi."

Nthoki alikuwa amefika kwenye kikombe cha Ndete. Birika likiwa limeinama, akasema, "Yuko gerezani. Amefungwa miaka minne kwa redio. Ni mgonjwa wa akili tangu mwaka jana, tulimficha, na kwa sababu tulimficha, hakimu hakujua. Nakata rufaa. Nitakwenda kuapa mahakamani na jina la ukoo litasomwa. Mimi nimeona heri mlisikie hapa kwanza, mkiwa na chai." Akajaza kikombe mpaka ukingoni na kwenda kwa mgeni aliyefuata.

Nje mbuzi mmoja alikuwa ameanza kula kitambaa cha mtu. Maingi alikunywa chai yake taratibu, akaiweka.

"Huyo kijana anasikia sauti?"

"Anasikia."

"Za watu anaowajua?"

"Za redio."

Maingi akawatazama wenzake, ambao wote walikuwa wamegundua jambo la kupendeza sakafuni. "Wetu anasikia kuku," akasema. "Mdogo wa bwana harusi. Tuliwaambia kwamba yuko malishoni. Hatukudanganya sana, hukaa huko malishoni." Akafikiria. "Kwani mnampeleka wapi, wa kwenu? Kuna daktari?"

Posa haikuvunjika. Kwa muda wa saa moja nzima haikutajwa tena, kwa sababu wazee wa koo mbili walikuwa wakimuuliza Nthoki habari za madaktari, na Mwenyekiti, aliyekuwa ameongoza vikao vingi bila ya kuona kimoja kikigeuka hivyo, alikuwa akimimina chai.

Jumatatu Ndete alivaa suti yake ya harusi na mazishi, akaandamana na Nthoki hadi gerezani. Mbele ya wavu alikohoa kikohozi kile cha kufungulia mambo.

"Mutie. Mimi nilikufunza vibaya," akasema, na kwa mtu wa cheo chake hayo yalikuwa maneno mengi. "Nilidhani huko ni kama nyumbani. Ulijibu swali la kwanza, ukajibu vizuri. Maswali mengine hayajaulizwa. Kikao hakijafungwa."

Mutie alimtazama mama yake, kisha ami yake. "Kwa hiyo sitakuwa nimesema mara mbili?"

"Utakuwa unamalizia."

Akatia sahihi. Nangila aliiwasilisha rufaa Jumanne, mahakama ikikaribia kufunga dirisha la karani.

Rufaa haina haraka kama hukumu. Ulipita mwaka kabla ya kesi kusikizwa, na katika muda huo Nthoki alikwenda gerezani kila alipoweza, akasimama katika foleni za hospitali ya akili ya Mathari kuuliza mambo ambayo hakuna aliyemtuma kuuliza, akashona kanda zake, akaoza binti yake. Kanisani, baadhi ya wanawake waliacha kukaa benchi lake. Wengine walianza kukaa hapo, wakimnong'oneza habari za watoto wao wakati wa matangazo, na pasta akalalamika juu ya kelele upande ule.

Jaji wa rufaa aliagiza Mutie apimwe. Daktari akaandika kwamba ana maradhi yanayotibika, kwamba yalikuwepo siku ya kosa, na kwamba gerezani yanazidi. Afisa wa probesheni akaandika aliyoyasikia kwa Teresiah, jiwe na mbwa wakiwamo. Nangila alizungumza bila ya kupaza sauti. Alieleza kwamba kijana mgonjwa alitamka kitu kisichoeleweka mbele ya mahakama, na badala ya kuulizwa anamaanisha nini, aliongezewa adhabu kwa kukisema.

Jaji alikubali kwamba kifungo hakiwezi kusimama. Angemwachilia chini ya probesheni, miaka mitatu, akae kwa mama yake na kuhudhuria kliniki. Lakini sheria inataka mtu akubali probesheni kwa hiari yake, na asipokubali, mahakama lazima itafute adhabu nyingine.

"Umeelewa masharti?" jaji akamuuliza. "Utaripoti kwa afisa kila mwezi, na utadungwa sindano hospitalini. Unakubali?"

Mutie alinyamaza. Nangila akageuka kumtazama. Ndete alikuwa amefumba macho. Nthoki alishika ukingo wa benchi kwa mikono miwili; mwaka mzima alikuwa akimwambia mwanawe kwamba si lazima akubali kila analoambiwa, na sasa aliona mafunzo yakizaa matunda mahali pabaya.

"Nina swali," Mutie akasema.

"Uliza."

"Hiyo sindano hudungwa wapi?"

Jaji akamtazama Nangila. Nangila akafungua ripoti ya daktari, akaifunga. Wakili wa serikali akatazama dari.

"Tako," ikasema sauti kutoka nyuma. Alikuwa Nthoki, ambaye hakuwa na ruhusa ya kusema. Alikuwa amewauliza wauguzi.

Jaji aliamua kutolisikia hilo. Mutie alilisikia, akalitafakari.

"Basi anidunge mwanamume."

"Mahakama haiwezi kuamuru hilo."

"Si lazima iamuru. Mimi naomba tu iandikwe kwamba niliomba."

Jaji akaandika. Iliandikwa, na yeyote aliyekuwa pale aliiona kalamu ikienda.

"Na nikizidiwa kabla ya mwezi kwisha, nitaripoti kwa nani?"

"Kwa afisa huyohuyo. Au uende moja kwa moja hospitalini."

"Sawa," Mutie akasema. "Hapo nakubali."

Aliumaliza muda wake wote wa probesheni, akilazwa wodini mara mbili na kurudi nyumbani mara mbili. Lakini siku hiyo walikuwa bado kwenye ukumbi wa mahakama, Mutie ameketi kando akifunga kamba za viatu alivyokuwa amerudishiwa, Nangila ameshakimbilia kesi nyingine. Ndete alikuwa akijipangusa shingo.

"Kijana amekuwa mbishi," akasema. "Kusimama mbele ya jaji na kuuliza mambo ya sindano."

Nthoki alinyamaza kidogo, kama ilivyokuwa kawaida yake.

"Ndiyo," akasema. "Anaanza kupata nafuu."